Uondokaji, Uhamaji na Mkataba wa Simu

Kila robo ya mwaka kampuni tatu kubwa za simu za Marekani, yaani Verizon, AT&T na T-Mobile, hutoa taarifa za fedha kwa wanahisa wao. Ndani ya taarifa hizo kuna tarakimu moja ndogo ambayo wachambuzi wa soko la hisa huitafuta mapema kuliko nyingine nyingi. Kwa Kiingereza huitwa churn. Ni asilimia ya wateja walioacha huduma za kampuni katika kipindi fulani, aghalabu mwezi mmoja. Kampuni ikianza mwezi na wateja 1,000,000, na 10,000 kati yao wakaondoka kabla ya mwezi kwisha, tarakimu hiyo ni asilimia 1.

Mteja wa kawaida halisikii neno hili. Hata hivyo, siku anapopiga simu kuuliza kwa nini ankara yake imepanda, au kifurushi chake cha mwezi kinapofika wakati wa kuhuishwa, neno hilo ndilo linaloamua atajibiwa nini. Mhudumu aliye upande wa pili wa simu ana kompyuta mbele yake, na mara nyingi kompyuta hiyo imeshakadiria uwezekano wa mteja huyo kuondoka. Kadiri uwezekano unavyokuwa mkubwa, ndivyo ofa inavyonona.

Kiswahili bado hakina neno moja linalotumiwa na wote kwa dhana hii. Pengo hilo haliwahusu wachumi peke yao. Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania na Wasomali wa pwani wanaoishi Texas, Kentucky, Ohio na kwingineko Marekani na Kanada hulipia simu kila mwezi kwa mikataba iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mara nyingi anayewatafsiria ni mtoto aliyesoma shule ya huko. Mtoto huyo anahitaji maneno, na maneno mabaya huwagharimu wazazi wake pesa.

Dhana na hesabu yake

Kwa nini tarakimu hiyo ndogo ina uzito mkubwa? Jibu liko katika hesabu ya muda. Kama kila mwezi huondoka mteja 1 katika kila 100, mteja wa wastani hukaa na kampuni miezi 100, yaani miaka 8 na miezi 4. Wakiondoka 2 katika kila 100, wastani huo hushuka hadi miezi 50. Tuchukue mfano wa mteja anayelipa dola 60 kwa mwezi. Katika hali ya kwanza ataiingizia kampuni dola 6,000 kabla ya kuondoka. Katika hali ya pili ataingiza dola 3,000. Tofauti ya asilimia 1 imekata nusu ya mapato yanayotarajiwa kutoka kwake.

Kampuni kubwa za Marekani, kwa wateja wao wa simu wanaolipa mwisho wa mwezi, huwa na kiwango kinachozunguka asilimia 1 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba hata kampuni inayofanya vizuri hupoteza zaidi ya mteja 1 katika kila 10 kwa mwaka, na ni lazima itafute wengine wa kuziba nafasi zao. Kumpata mteja mpya ni ghali: kuna matangazo, kuna kamisheni ya duka, kuna simu inayotolewa kwa bei ya kutupa. Kumpunguzia mteja wa zamani dola 10 kwa mwezi kwa mwaka mzima kunagharimu dola 120. Ukiiweka dola 120 mbele ya dola 3,000 au 6,000, utaona kwa nini mhudumu amepewa ruhusa ya kupunguza bei, na kwa nini ruhusa hiyo haitangazwi.

Ruhusa hiyo kwa kawaida haiko kwa mhudumu wa kwanza anayepokea simu. Iko kwenye kitengo maalumu ambacho mteja hufikishwa akisema anataka kusitisha huduma. Baadhi ya kampuni hukiita kitengo cha uaminifu. Jina hilo linapotosha. Mteja aliyelipa ankara kwa miaka 10 bila kuuliza swali hapelekwi huko, na wala hapigiwi simu kupewa zawadi. Anayepelekwa ni yule aliyeonyesha dalili ya kuondoka. Kwa Kiswahili tukiite kwa kazi yake: kitengo cha kubakisha wateja.

Maneno yanayoshindania nafasi

Neno la Kiingereza limetoka kwenye usindikaji wa maziwa. Ni kitendo cha kuyasukasuka ili siagi ijitenge. Kiswahili kina kitenzi cha kazi hiyo, kusuka maziwa, na mfasiri mwenye haraka angeweza kuunda “msukosuko wa wateja”. Tafsiri hiyo inashindwa mara moja. Msukosuko katika Kiswahili ni ghasia, taharuki, hali ya kuyumba, na msomaji angedhani wateja wameandamana mbele ya ofisi za kampuni. Taswira iliyomfaa Mwingereza haina kazi hapa.

Pendekezo la pili ni “upotevu wa wateja”. Neno linaeleweka na lingeweza kukaa vizuri katika taarifa ya mhasibu. Kasoro yake ni kwamba limeangalia jambo kwa jicho la kampuni tu. Kinachopotea ni mali, na mwenye hasara ni aliyepotelewa. Mteja aliyechagua kwenda kwingine hakupotea. Anajua alipo na anajua kwa nini alikwenda. Istilahi inayomgeuza kuwa bidhaa iliyodondoka njiani inamnyima mteja sehemu yake katika habari.

La tatu ni “mpukutiko”. Hili lina uzuri wake, kwa kuwa majani hupukutika, nywele hupukutika, na jambo lenyewe hutokea kidogo kidogo bila kishindo, kama wateja wanavyopungua mwezi baada ya mwezi. Lakini jani halina hiari. Linaanguka kwa sababu msimu umefika. Neno hili nalo linaficha uamuzi wa mtu.

La nne ni “uhamaji”. Hapa tunafika kwenye neno ambalo watu wenyewe wamekwisha kulichagua. Kenya ilipoanzisha huduma ya kubadili kampuni bila kubadili namba mnamo Aprili 2011, na Tanzania ilipofuata Machi 2017, watu walisema kuhama mtandao. Kitenzi kilikuwa tayari kinywani. Mtu huhama nyumba, huhama chama, huhama mtaa. Katika yote hayo kuna anayeamua, kuna anakotoka na kuna anakokwenda. Uhamaji wa wateja ni neno lenye mtendaji.

Mfasiri mwaminifu, hata hivyo, atagundua kwamba uhamaji haulijazi neno la Kiingereza lote. Tarakimu ile ya taarifa za fedha hujumlisha watu wa aina mbili. Wapo waliohama kwa hiari yao. Wapo pia waliokatiwa huduma na kampuni yenyewe, hasa kwa kutolipa ankara. Kiingereza huwaweka wote chini ya neno moja, kisha huongeza vivumishi, “kwa hiari” na “si kwa hiari”, ili kuwatenganisha. Ukimwita aliyekatiwa simu “mhamaji”, umesema uongo.

Kwa hiyo ninapendekeza maneno matatu badala ya moja. Uondokaji uwe neno mwavuli, na kiwango cha uondokaji kiwe jina la ile tarakimu. Chini yake ziwepo istilahi mbili: uhamaji, kwa walioondoka kwa uamuzi wao, na ukatwaji, kwa walioondolewa na kampuni. Yote matatu yametokana na vitenzi anavyovijua kila mzungumzaji, yote yananyambulika bila shida, na hakuna hata moja linalohitaji maelezo marefu redioni au darasani.

Mpangilio huu una faida ambayo neno la Kiingereza halina. Unamwonyesha mteja asimame upande gani kabla ya kufungua mdomo. Kampuni hutoa ofa ili kuzuia uhamaji. Kwa aliye karibu na ukatwaji kwa kawaida haitoi ofa hiyo, kwa kuwa haihofii kumpoteza, inamdai. Aliyechelewesha ankara miezi miwili na bado akaomba apunguziwe bei atasikilizwa kama mdaiwa. Aliyelipa kwa wakati, akapiga simu na kusema anafikiria kuhama, atasikilizwa kama mapato yanayotaka kutoka mlangoni. Anayeielewa tofauti ya maneno haya mawili amekwisha kujua hatua ya kwanza ya mazungumzo: maliza deni kwanza, kisha ongea bei.

Waswahili hawahitaji kufundishwa mantiki hii. Muuza vitenge wa Kariakoo hashuki bei ya mwisho mteja akiwa bado amekishika kitenge na macho yamemng’aa. Anashuka mteja anapokirudisha na kugeuza mguu, na hapo ndipo husikika: “Dada, njoo basi tuongee.” Kilichobadilika kwa kampuni ya simu ni kwamba muuzaji haonekani, na ili mguu ugeuke inabidi sheria iruhusu.

Minyororo ya uhamaji na majina yake

Sheria hiyo haikuwepo siku zote. Zamani Mmarekani aliyebadili kampuni ya simu ya mkononi alipoteza namba yake, na kupoteza namba ni kupoteza kila aliyekuwa anayo. Mnyororo huo ulikatwa Novemba 24, 2003, Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipozilazimisha kampuni kuruhusu wateja waondoke na namba zao katika miji mikuu 100 na viunga vyake. Sehemu nyingine zilifuata Mei 2004. Kanada ilianza Machi 2007. Kiswahili kina jina tayari kwa haki hii: kuhama na namba. Nomino yake ya kiserikali inaweza kuwa uhamishaji wa namba.

Mnyororo wa pili ulikuwa adhabu ya kuvunja mkataba. Mteja alipewa simu kwa bei nafuu, akatia saini mkataba wa miaka 2, na akiondoka mapema alitozwa faini. Mnamo Novemba 2009 Verizon ilipandisha faini hiyo kwa simu za kisasa hadi dola 350, na mwaka uliofuata AT&T ikafika dola 325. T-Mobile ndiyo iliyoanza kuachana na mikataba hiyo, Machi 2013. Verizon ikafuata mwaka 2015 na AT&T mwanzoni mwa 2016.

Ukisikia leo kwamba Marekani hakuna tena mikataba ya miaka 2, usiharakishe kushangilia. Mnyororo umebadilishwa jina. Siku hizi simu huuzwa kwa awamu, na kwa Verizon na AT&T awamu hizo zimefika miezi 36. Tangazo la “simu ya bure” lina maana hii: simu ya dola 720 hugawanywa katika awamu 36 za dola 20, na kila mwezi kampuni hukupunguzia dola 20 zile zile kwenye ankara. Ukiondoka baada ya miezi 12, punguzo linakoma lakini awamu 24 zilizobaki bado unadaiwa. Dola 480 zinakungoja.

Hapa kuna mtego wa tafsiri unaoumiza familia nyingi. Punguzo hilo kwa Kiingereza huitwa credit, na kamusi ndogo ya mfukoni itakwambia credit ni mkopo. Mtoto akimwambia mama yake, “Mama, wanasema watakupa mkopo wa dola 20 kila mwezi,” mama ataogopa deni ambalo halipo, na hataliona deni lililopo, ambalo ni zile awamu. Neno sahihi ni punguzo la ankara, na likitolewa kwa miezi mingi liitwe punguzo la mafungu. Deni la kifaa liitwe deni la simu, litenganishwe wazi na bei ya kifurushi. Ankara ya Marekani huyachanganya mambo haya katika ukurasa mmoja. Mteja asiyeweza kuyatenganisha hawezi kujua kama yuko huru kuhama.

Mnyororo wa tatu ni kufuli la simu. Simu iliyouzwa na kampuni huweza kufungwa isikubali laini ya kampuni nyingine. Sheria iliyosainiwa Marekani Agosti 1, 2014 ilirudisha haki ya mteja kuifungua, na Kanada ilienda mbali zaidi: tangu Desemba 1, 2017 simu mpya ni lazima ziuzwe zikiwa wazi, na aliyefungiwa afunguliwe bila malipo. Kwa hili tunaweza kusema kufuli la laini na kufungua simu, kama mafundi wetu wanavyosema.

Mazungumzo yenyewe

Mteja anayeyajua maneno haya aingie kwenye mazungumzo hivi. Kwanza asome ankara na kujibu maswali matatu: kifurushi ni dola ngapi, deni la simu limebaki kiasi gani, na kuna punguzo gani litakalopotea akihama. Deni likiwa limekwisha, ana nguvu yote. Likiwa kubwa, ajue kampuni nayo inalijua.

Pili, atafute bei ya kwingine kabla ya kupiga simu. Kampuni kubwa Marekani zilikuwa nne hadi Aprili 2020, T-Mobile ilipoungana na Sprint, na sasa ni tatu. Lakini pembeni kuna kampuni zinazokodi minara ya wakubwa na kuuza kwa bei ya chini, nyingine zikiwa mali ya wakubwa wenyewe: Cricket ni ya AT&T, Visible ni ya Verizon, na Mint Mobile ilinunuliwa na T-Mobile mwaka 2024. Tangu Aprili 2024 kampuni kubwa zinazouza intaneti, ya simu ikiwemo, zinatakiwa kuonyesha lebo ya bei, kasi, kiasi cha data na tozo za ziada kwa muundo mmoja. Lebo mbili za namna hiyo zikiwekwa pamoja, ya kampuni yako na ya mshindani, ni hoja inayotosha.

Tatu, aseme jambo kwa adabu na kwa uwazi. Si lazima apandishe sauti. Sentensi moja inatosha: ninalipa kwa wakati, bei yangu imepanda, kampuni fulani inatoa hiki kwa bei hii, na ninafikiria kuhama na namba yangu. Mhudumu wa kwanza akisema hawezi, aombe kupelekwa kwa wanaoshughulikia usitishaji wa huduma. Akipewa ofa, aulize jumla ya ankara pamoja na kodi na tozo, aulize itadumu miezi mingapi, na aulize kama inamfunga kwa awamu mpya. Kisha aombe kila kitu kwa maandishi. Ofa ya mdomo husahaulika ankara ya mwezi wa pili inapofika.

Nne, akiamua kuhama kweli, asisitishe huduma kwanza. Namba iliyositishwa inaweza kupotea. Kampuni mpya ndiyo huivuta namba kutoka kwa ya zamani, ikitumia nambari ya akaunti na namba ya siri ya kuhama ambayo mteja huiomba kwa kampuni anayoiacha. Kwa kanuni za FCC, kampuni ya zamani hairuhusiwi kuizuia namba kwa sababu mteja anadaiwa. Deni litabaki na litadaiwa, lakini namba itakwenda. Namba ile ya siri isitajwe kwa mtu yeyote anayekupigia, kwa sababu matapeli huiba namba za watu ili kuingia kwenye akaunti zao za benki.

Afrika Mashariki

Kwetu mazungumzo ya namna hii ni machache, kwa kuwa wateja wengi hulipa kabla ya kutumia. Hakuna mkataba wa kuhuisha. Kuna vocha, kuna kifurushi au bando la siku, wiki na mwezi. Anayechoshwa na bei hamwambii mtu. Anachomeka laini ya pili kwenye simu yake na kuanza kununua data huko. Ndiyo maana kampuni za eneo hili huhesabu laini zilizo hai kwa kutazama zilizotumika katika siku 30 au 90 zilizopita. Uondokaji wetu hauna barua ya kuaga.

Nao mnyororo wetu ni tofauti. Kenya iliporuhusu kuhama na namba mwaka 2011, huduma ya pesa ya Safaricom, M-Pesa, ilikuwa na umri wa miaka 4, na aliyehama Safaricom aliiacha pochi yake ya simu nyuma. Namba iliweza kuhama, pesa na mazoea ya biashara havikuhama nayo. Istilahi yetu inalieleza jambo hili vizuri: uhamaji hupimwa kwa kile mtu anachoweza kuondoka nacho.

Ombi langu ni kwa pande mbili. Baraza la Kiswahili la Tanzania (BAKITA), mamlaka za mawasiliano za nchi zetu na waandaaji wa kamusi za biashara wazipime istilahi hizi, uondokaji, uhamaji na ukatwaji, na wakiziona zinafaa wazisanifishe pamoja na punguzo la ankara na deni la simu. Na wewe msomaji unayeishi ughaibuni, au una mzazi huko unayemtafsiria, usingoje kamusi. Chukua ankara ya mwezi huu, tenganisha kifurushi na deni, tafuta bei ya mshindani, kisha piga simu. Mteja anayeweza kuhama, na anayejua kulisema hilo, halipi bei sawa na asiyejua.